Ayoni (fimbo za gofu za kichwa cha chuma) za msichana wa miaka 14 ambaye bado anarefuka, ninunue zipi?

Baba Makena

Wakuu habari za jioni. Nishikeni mkono kabla sijafanya kitu nitajutia. Binti yangu ana miaka 14, anagonga 15 mwezi wa nane, yuko Gredi 9. Gofu alianza kama utani tu, ananifuata Jumamosi nikienda kupoteza mipira yangu, mara akashika fimbo, mara akaingia mazoezi ya watoto ya likizo, na sai mwaka mmoja na nusu baadaye handikapu yake ni 13 na yangu bado ni 21 (ikiwa ndogo ndio unacheza vizuri). Mnaotaka kucheka chekeni, nimeshazoea, hata kwa nyumba wanacheka.

Seti aliyo nayo aliachiwa na shangazi yake, zile zinauzwa pamoja na mkoba, shafti (mipini) za grafaiti laini kabisa, za kina mama. Alipoanza zilimfaa sana sina lawama. Shida ni kwamba tangu Krismasi ameenda juu kama mahindi ya masika, alikuwa futi 5 inchi 3 sai ni 5 na 6, na nguvu imekuja papo hapo. Ayoni namba saba (namba ikipanda fimbo ni fupi na mpira unaenda karibu) alikuwa anapiga yadi 110, sai akiigusa vizuri ni 135, lakini mpira unapaa kama mwewe halafu unakata kushoto na siku ya upepo ni kama amepiga puto. Kochi wake anasema hizo shafti ameshazishinda, lakini hataki kuniambia ninunue nini, anasema nimpeleke apimwe, na kupimwa nako ni pesa.

Nimeona njia tatu. Kuna mzee pale klabuni ameacha kucheza sababu ya mgongo, anauza bleidi zake (ayoni nyembamba zisizosamehe makosa), za kufuliwa, shafti za stili stifu, namba 3 mpaka PW (wedji, ile fupi ya mwisho kwa seti), elfu 45. Zinang'aa mpaka Makena ameanza kuziota. Halafu kuna duka wana seti mpya ya kisasa, zile za mgongo mnene, namba 5 mpaka PW, elfu 145, na mimi mwisho wangu nikijikamua ni 80. Njia ya tatu ni kunyamaza mpaka aache kurefuka, na hiyo ndio mama yake anaunga mkono, anasema vyuma havilipi fees.

Kila nikiuliza klabuni kila mtu ananiuzia seti yake. Nyinyi hamna cha kuniuzia (natumaini), semeni ukweli.

Kedi Mstaafu

Baba Makena salama. Mimi nimebeba mikoba ya watu miaka 19 mpaka magoti yakakataa, kwa hivyo mambo ya mashine sitakuambia, nitakuambia venye nimeona kwa macho.

Watu wanaangalia kichwa cha fimbo kwa sababu ndicho kinang'aa. Angalia shafti. Hizo za huyo mzee kama ni stili stifu za zamani, shafti peke yake inaweza kuwa karibu gramu 130, na hizo za shangazi sidhani zinafika 60. Wewe mtu mzima ukishika hizo mbili utasema tofauti ni kidogo. Sasa mpe mtoto apige shimo la kwanza mpaka la kumi na nane, na kabla ya hapo amepiga mipira 40 ya kupasha mwili, na kesho yake ana mazoezi. Mimi nimebebea kijana mmoja, baba yake alimpa seti yake nzima akiwa na miaka 13, mtoto alikuwa na swingi nzuri kama maji. Ikifika shimo la 12 mikono imechoka anaanza kuinua fimbo na mabega, mpira unaenda kulia, ndio usiende kulia anaanza kuupindua na viganja. Alipofika miaka 16 nguvu alikuwa nazo, lakini ule ugonjwa wa viganja ulikuwa umeshaingia na mpaka leo anao, nikimwona kwa reinji (uwanja wa mazoezi) nageuka naangalia kando.

Na hiyo namba 3 ya bleidi, wewe Baba Makena huwezi kuipiga, mimi siwezi, na wengi pale klabuni hawawezi. Mimi yangu nilikuwa naangushia maembe.

Kwa hivyo za mzee achana nazo, hata kama ni elfu 10.

Mzee wa Bogi

Napinga. Bleidi inafundisha mtoto kugonga katikati. Hizi fimbo za kisasa zinasamehe kila kitu, mtoto anakua hajui amekosea. Seve Ballesteros, yule bingwa Mhispania, alijifunza na ayoni namba 3 moja tu kwenye mchanga wa ufuo kwao Pedreña, akaja hapa kwetu akachukua Kenya Open 1978. Nani alimpima shafti?

Kedi Mstaafu

Mzee wangu, Seve alikuwa Seve. Na hiyo namba tatu hakuichagua dukani, alipewa na kaka yake na ndiyo ilikuwepo. Angepewa seti nzima ya saizi yake ungedhani angeitupa baharini?

Mzee wa Bogi

Basi tuseme bleidi ni ya baadaye. Lakini isiwe ile minene kama kiatu cha saruji.

Fundi Gripu

Naomba nichangie kama mtu wa karakana maana hapa kuna mambo mawili yamechanganywa.

La kwanza hiyo "kufuliwa". Watu wanasikia fimbo imefuliwa wanadhani ni daraja la juu, ingine imeoshwa na Omo ingine haijaoshwa. Kufuliwa ni chuma laini kimegongwa kikapata umbo, kama jembe kwa mhunzi. Kusubu ni chuma kimeyeyushwa kikamwagwa kwa kalibu. Ping wametengeneza ayoni za kusubu miaka na miaka na watu wanashinda mashindano makubwa nazo. Kwako wewe mwenye mtoto anayekua, tofauti ya maana ni kwamba chuma laini cha kufuliwa napinda shingo yake digrii mbili bila jasho, na mwaka kesho akirefuka narudia. Chuma kigumu cha kusubu napinda pia lakini kidogo kidogo na kwa heshima, kuna zenye shingo imechongwa makusudi ipindike, na kuna zingine nikizilazimisha nabaki na vipande viwili na wewe unaniangalia.

La pili, huo mpira wa kushoto. Wengi hapa watakuambia ni lai, yaani ile pembe ambayo shafti inasimama ikilinganishwa na ardhi. Lai ikiwa imesimama sana, ncha ya kichwa cha fimbo inainuka na mpira unaenda kushoto kwa mtu wa mkono wa kulia, sawa. Lakini fikiria, huyu mtoto amerefuka na fimbo imebaki fupi. Mikono yake iko juu kuliko zamani, kwa hivyo fimbo inalalia ncha. Hiyo ingepeleka mpira kulia, si kushoto. Ndio maana naungana na kochi, hiyo ni shafti imekuwa laini kwake, inachelewa halafu inarudi kwa kasi uso ukiwa umefunga na umeangalia juu. Juu na kushoto, alama yake ndiyo hiyo.

Kitu cha kufanya bure kesho. Tafuta marka ya ubao mweupe, ile inafutika. Chora mstari mmoja mnene kwa mpira, weka mpira mstari ukiwa wima na ukitazama uso wa fimbo, apige. Mstari utajichapa kwa uso wa fimbo. Ukikuta umesimama wima, lai iko sawa. Juu ya mstari pakiegemea upande wa ncha, fimbo imesimama kupita kiasi. Pakiegemea upande wa kisigino (kwenye shafti), imelala sana. Apige kama mara sita usiangalie moja tu. Halafu paka uso wa fimbo poda ya mtoto uone anagonga wapi, kama madoa yametapakaa kila mahali basi hata Mzee wa Bogi atakubali si wakati wa bleidi.

Na umpige kipimo cha kutoka kwa kifundo cha mkono mpaka chini amesimama wima na viatu, usinipe urefu peke yake, kuna watu warefu wenye mikono mirefu na fimbo zao ni za kawaida tu.

Mama Brayo

Baba Makena pole na hongera, mimi nimepita hapo hapo na kijana wangu, sai ana 17.

Nikuambie makosa yangu yote mawili usiyarudie. La kwanza, nilimnunulia fimbo ndefu nikisema atazifikia. Ayoni si sweta ya shule, ati unanunua inamfikia magotini akifika Form Three itakuwa sawa. Mwaka mzima alikuwa ameshika fimbo katikati ya gripu, anachimba ardhi kama anapanda viazi, na kochi ananiangalia tu. Fimbo inunuliwe ya leo. Akirefuka fundi anaongeza inchi nusu, na ikifika hapo ndio unauza unachukua zingine. Seti ya majina yanayojulikana ukiitunza inauzika, hiyo usiogope.

La pili nilinunua kwa mtandao. Bei ilikuwa nusu ya dukani, picha safi, jina kubwa, muuzaji anajibu ujumbe hata saa sita usiku. Zilikuja zimefungwa na plastiki na harufu ya gundi. Wiki ya tatu kwa reinji kijana anapiga namba nane, kichwa kikaenda mbele ya mpira. Aki sikucheka siku hiyo. Tukapima zingine kwa mizani ya jikoni tukakuta namba sita ni nzito kuliko namba saba, na ikitakiwa namba kubwa ndio iwe na kichwa kizito. Feki tupu. Kwa hivyo za mitumba nunua kwa mtu unayemjua uso, angalia serial namba kwa shingo iko kwa fimbo inayotakiwa kuwa nayo, angalia ile pete nyeusi chini ya shafti imekaa sawasawa haina mwanya, angalia mitaro ya uso kama bado ina makali, na PW ndio uangalie zaidi maana ndiyo inaliwa kwanza.

Kitu kingine na hiki kinanikera. Usiende dukani ukasema nataka "za wasichana". Watakupeleka kwa rangi ya zambarau. Hizo herufi za shafti, ya kina mama, ya wazee, regula, stifu, hakuna kiwango kimoja cha dunia, kila kampuni inapima yake. Regula ya huyu inaweza kuwa laini kuliko ya wazee ya yule. Msichana anayepiga saba yadi 135 hana shughuli na neno lililoandikwa kwa shafti, apewe inayoenda na kasi yake. Wako naona ni regula nyepesi, grafaiti ya gramu 65 mpaka 75 hivi, ama stili zile nyepesi kama anapenda kusikia uzito. Lakini ajaribu mwenyewe.

Digrii Tatu

Hapo kwa yadi 135 ndio nataka kuingia, kwa sababu mtaenda dukani mtapewa namba saba ya kisasa apige yadi 150 na baba atatoa kadi ya benki hapo hapo akilia machozi ya furaha.

Namba kwa fimbo ni maandishi tu. Kinachoendesha mpira ni lofti, yaani uso wa fimbo umelala nyuma kiasi gani. Titleist T100 ambayo ni ya wachezaji wazuri, namba saba ni digrii 34. Ping G430 ambayo ni ya kusaidia watu kama mimi, namba saba ni digrii 29. Hizo digrii tano ni zaidi ya fimbo moja nzima! Wamechukua namba sita wakaandika saba. Siwalaumu, vichwa vya siku hizi uzito uko chini na nyuma kwa hivyo mpira unapaa hata lofti ikiwa ndogo, lakini usilipie yadi za maandishi.

Na matatizo yanajitokeza huku chini. PW ya hiyo G430 ni digrii 41. Sasa binti yako wedji yake ya mchanga nakisia ni 56. Kutoka 41 hadi 56 ni digrii 15, hapo katikati hana kitu, akibaki na yadi 85 anafanya nini, anapiga nusu ya PW ama anasali? Ukinunua seti ya lofti kali lazima ununue na wedji moja mbili za kati, iweke kwa bajeti mapema. T100 kwa mfano PW ni 46, hapo wedji moja ya 51 inatosha.

Jambo la pili ni kutua. Januari na Februari mvua ikipotea grini (zile nyasi fupi penye shimo) zinakauka zinakuwa kama meza, na mpira wa lofti kali unaokuja chini chini hausimami. Mtoto wa handikapu 13 anayeshuka atahitaji mpira unaosimama kuliko mpira unaofika mbali. Kwa hivyo mkiwa kwa mashine ya rada usiulize umbali tu, uliza umepaa juu kiasi gani na unashuka kwa pembe gani. Ukishuka digrii 45 hivi ama zaidi na namba saba uko salama.

Na msisahau tuko mita 1,700 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, mpira unaenda mbali kuliko Pwani. Akienda kucheza Nyali asishangae saba imekuwa nane.

Baba Makena

Mmenifungua macho. Fundi nimefanya ya marka leo asubuhi kabla ya jua kali. Kati ya sita, mistari minne juu imeegemea kisigino kidogo, miwili wima. Kwa hivyo ulivyosema ndivyo, zimelala kwake na bado mpira unaenda kushoto. Poda nayo, madoa yako karibu karibu lakini yote yameelekea ncha. Kutoka kifundo mpaka chini ni inchi 34 na robo.

Makena mwenyewe amesoma hii mazungumzo yote, amekasirikia Kedi Mstaafu kuhusu bleidi, halafu akaniambia "Dad, lakini ile namba tatu kweli ni mzigo". Aliijaribu kisirisiri wiki iliyopita huyo mzee akiwa chai!

Swali, nikipata za mitumba za miaka mitano sita iliyopita kuna hasara gani ya teknolojia?

Fundi Gripu

Kugongea ncha kidogo ndio hivyo tena, fimbo ni fupi na imelala kwake. Kwa hicho kipimo, urefu wa kawaida wa wanaume ama robo inchi chini yake, lai digrii moja imesimama hivi. Usiongeze inchi. Kila nusu inchi unayoongeza kichwa kinahisiwa kizito kama pointi tatu za kipimo cha uzito wa swingi, na yeye anatoka kwa fimbo nyepesi tayari.

Teknolojia ya miaka sita kwa ayoni ni rangi. Kwa draiva tungebishana.

Mzee wa Bogi

Mimi yangu ni za 2009 na bado zinakosa grini vizuri kabisa.

Kedi Mstaafu

😂😂 Mzee wa Bogi leo amesema kweli.

Baba Makena, jambo moja wote wamesahau, mkeka. Maduka yote na mashine zote wanapigia kwa mkeka wa plastiki. Mkeka ni mwongo. Ukigonga nyuma ya mpira inchi mbili fimbo inateleza mpira unaenda vizuri unajiona mtaalamu. Sisi tunacheza kwa nyasi ya kikuyu, na kikuyu haina urafiki. Kwa fairwei iliyokatwa mpira unakaa juu yake kama umewekwa kwa tii, raha tupu, lakini ukitoka nje hatua mbili ile nyasi inashika shingo ya fimbo inakunja uso wote. Hata kule Los Angeles, Riviera, wameipanda, na Tiger Woods na ushindi wake wote hajawahi kushinda pale. Sasa hizi fimbo zenye soli (chini ya kichwa) pana sana, mimi nimeona kwa kikuyu yetu zingine zinakwama zingine zinadunda. Si zote. Ndio nasema ajaribu kwa nyasi, na si fairwei tu, arushe mipira mitano kwa rafu, hiyo nyasi ya nje, apige.

Usinunue seti. Azima namba saba. Kila mtu klabuni anajifanya anauza, basi mwambie akuazime namba saba yake lisaa limoja. Utapata tano bila senti.

Digrii Tatu

Hii ya kuazima saba ni ya maana sana. Lakini uandike lofti ya kila moja pembeni, si utalinganisha embe na papai.

Mama Brayo

Na usimwambie bei. Ficha bei, ficha jina kama unaweza. Wa kwangu alichagua kwa kuangalia ni nani anazitumia kwa TV.

Baba Makena

Nimerudi baada ya wiki mbili, samahani, kulikuwa na mitihani.

Tulifanya vile Kedi alisema. Tulipata namba saba nne, nikazifunga migongo yote na tepu nyeusi asione jina, tukaenda mapema Jumanne ya likizo wakati hakuna watu, kedi mmoja kijana akatusaidia kusimama mbele kuhesabu zinaangukia wapi. Mipira kumi kila moja kwa fairwei, mitano kwa rafu.

Moja ilikuwa ile bleidi ya mzee. Mipira mitatu kati ya kumi ilikuwa mizuri hadi kedi akapiga makofi, yadi 140 na kitu. Mipira saba iliyobaki sitaki kuizungumzia. Kwa rafu aliishika mara mbili akasema mkono unamuuma akaiweka chini mwenyewe, sikusema neno.

Ya pili ile nene ya kisasa kabisa ya digrii 29. Yadi 150 mara kadhaa, nikaona Digrii Tatu akinitazama kutoka mbinguni. Lakini mpira ulikuwa unapita grini zote, unatua unakimbia kama umeitwa. Mmoja ulifika 158 mmoja 139 na mguso ni ule ule, yeye ndiye alisema hajui ni upi utatokea.

Ya tatu na ya nne zote ni za mgongo wa shimo (nyuma pamechimbwa) za wastani, moja stili nyepesi gramu 95, digrii 32, moja grafaiti gramu 70, digrii 31. Hizo mbili tulizirudia rudia mpaka jua likawaka. Stili ilienda sawa mpaka mpira kama wa 25 akaanza kuzitupa kulia, nikakumbuka yule kijana wa Kedi. Grafaiti iliendelea hivyo hivyo mpaka mwisho, yadi 138 mpaka 143 karibu zote, na hapakuwa na ya kushoto ila moja. Alipotoa tepu alikasirika kidogo, ndiyo ilikuwa mbaya kwa sura kuliko zote, ina mikwaruzo na gripu imekauka kama ngozi ya kobe. Akakaa nayo kwa gari njia yote hajaiachilia.

Mwenye nayo anauza namba 6 mpaka PW na wedji yake ya kati, elfu 52, tumefika 47. Namba 5 aliipoteza mtoni mwaka juzi. Sijui nitafanya nini na hilo pengo.

Digrii Tatu

Usitafute namba 5. Weka haibridi (fimbo ya kichwa kinene badala ya ayoni ndefu), mtoto wa kasi hiyo ataipandisha vizuri kuliko ayoni ndefu yoyote. Fimbo 14 ndio mwisho wa sheria, akizidisha ni mapigo mawili kwa kila shimo mpaka manne kwa raundi, lakini hata akiwa na 12 hakuna anayemwandikia kosa.

Mama Brayo

47 ni bei nzuri sana. Mwambie mama Makena imebaki 33, fees iendelee.

Baba Makena

Mama Makena amesoma hii. Amesema 33 tayari ina jina.

Fundi nahitaji gripu mpya zote sita na lai digrii moja juu. Inawezekana kabla ya Jumamosi ijayo, ana mashindano ya watoto?

Fundi Gripu

Ni za kufuliwa ama za kusubu?

Baba Makena

Sijui. Haziko na harufu ya Omo.

Fundi Gripu

Leta nitazigonga nisikie. Gripu chukua saizi ya kawaida, vidole vyake vya katikati vikishika viguse tu mto wa kiganja visizame, kama vinazama tutaongeza tepu chini. Njoo Jumatano saa mbili asubuhi, uje naye, sipindi fimbo ya mtu ambaye hayuko. Na petroli ya kuteleza gripu uje nayo nusu lita, ya kwangu jirani ameiweka kwa nduthi.